Mbao ndani ya saruji: kwa nini mchanganyiko hugoma kushika

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu wa kazi, mafundi na wanafunzi mliopo, asanteni kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi humu mmelijua kwa mikono kabla ya kulisoma kitabuni. Ukikoroga saruji, mchanga na maji, kesho yake unakuta jiwe. Ukitia humo maranda ya mbao, saruji ni ileile na maji ni yaleyale, kesho yake unakuta uji. Mwenzako anajaribu na maranda ya mti mwingine, yanashika vizuri tu. Hapo lawama zote huangukia saruji, na mara nyingi saruji haina kosa lolote.

Niliseme mapema ninalotaka kulisema. Mbao haikwamishi saruji kwa sababu ni laini. Huikwamisha kwa yale yanayoyeyuka kutoka ndani yake katika saa chache za mwanzo. Anayejua kinachoyeyuka anaweza kuchagua kiongezeo, yaani dawa inayotiwa kwenye mchanganyiko. Asiyejua ananunua jerikeni na kubahatisha.

Tuanze na saruji yenyewe, kwa ufupi. Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza Uingereza mwaka 1824 ingawa yake ilikuwa tofauti sana na hii ya leo, ni klinka iliyosagwa pamoja na jasi kidogo. Klinka hutokana na mawe ya chokaa na udongo vilivyochomwa hadi kufikia nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi. Ina madini manne makuu, lakini kwa leo yanatutosha makundi mawili: silikati za kalsiamu, ambazo ndizo hasa zinazotoa nguvu, na aluminati ya kalsiamu, ambayo ina haraka kupita kiasi. Klinka ikisagwa bila jasi kisha ikatiwa maji, aluminati inaweza kuigandisha ndani ya dakika chache, fundi akiwa bado anatafuta mwiko wake. Jasi ndiyo inayoituliza. Kwa hiyo kila mfuko wa saruji mnaoufungua tayari una kicheleweshaji ndani yake. Kuchelewa si ugonjwa. La kuuliza ni kuchelewa kwa muda gani, na nani ameamua.

Maji yakiingia, joto hupanda kidogo kwa dakika chache, kisha saruji hulala. Usingizi huo wa saa moja, mbili, wakati mwingine zaidi, ndio unaotuwezesha kubeba zege, kulimwaga na kulisawazisha. Halafu silikati zinaamka, joto linapanda kwa nguvu, jeli inayofunga chembe inaota, na pamoja nayo inatoka chokaa nyingi inayoyafanya maji ya ndani kuwa makali, pH yake 12.5 na kupita. Kushika kunapimwa kwa sindano ya Vicat, iliyopewa jina la mhandisi Mfaransa Louis Vicat. Kiwango cha Ulaya kwa saruji ya daraja la 42.5 kinataka mwanzo wa kushika usiwe kabla ya dakika 60. Kile cha Marekani, ASTM C150, kinataka usiwe kabla ya dakika 45 wala usipite dakika 375. Naomba vipimo hivyo mvishike, maana mbao ikiingia tunaanza kuhesabu kwa saa na wakati mwingine kwa siku.

Sasa tutie sukari. Asilimia 0.05 tu ya uzito wa saruji inatosha kuchelewesha kushika kwa takriban saa 4. Kwa mfuko wa kilo 50 hiyo ni gramu 25, vijiko vya chai kama sita. Ukifika kati ya asilimia 0.2 na 1, yaani gramu 100 hadi 500 kwa mfuko, zege linaweza kugoma kabisa. Wenye malori ya zege wanalijua hili: gari likiharibika njiani na pipa limejaa, sukari ni njia ya dharura ya kuzuia mzigo usigeuke jiwe humo ndani.

Sukari inafanyaje kazi? Haiteketezi saruji. Inajishikiza kwenye nyuso za chembe na kwenye viini vichanga vya chokaa na jeli, vile ambavyo vilitakiwa kukua ili usingizi uishe. Ni kama watu wachache waliokaa mlangoni pa ukumbi: ndani kuna nafasi tele, lakini hakuna anayepita. Wakemia bado wanabishana kuhusu undani wa jambo hili, hasa nafasi ya kalsiamu inayofungana na sukari kwenye maji, lakini kuhusu viini kuzibwa wengi wanakubaliana. Na kuna habari njema ndani yake. Kiasi kikiwa kidogo, sukari ile hunaswa polepole kwenye mazao ya saruji, mlango unafunguka, na nguvu ya siku 28 inaweza kuwa sawa na ile ya kawaida au hata kuizidi kidogo. Zege lililochelewa si lazima liwe zege bovu.

Tuje kwenye mti. Mbao kavu, kwa mgao wa jumla, ni selulosi kwa asilimia 40 hadi 50. Inayobaki ni hemiselulosi, ambayo ni minyororo ya sukari iliyo dhaifu kuliko selulosi, na lignini, gundi inayofunga nyuzi za mti, pamoja na kundi dogo lenye vurugu: sukari huru, wanga, tanini, utomvu na mafuta. Selulosi ni ngumu kuyeyuka na haisumbui sana. Lignini nayo, ikiwa imekaa mahali pake, haina neno. Kundi dogo ndilo linalotoka na maji ya kwanza kabisa.

Wengi hudharau udogo wake, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua mchanganyiko wa bodi, yaani zile mbao bapa zinazotengenezwa kwa vipande vya mbao vilivyofungwa kwa saruji, wenye uzito wa mbao 1 kwa saruji 2.5. Mfuko wa kilo 50 unakwenda na kilo 20 za mbao. Tuseme asilimia 2 ya mbao hiyo inayeyuka kwenye maji: hizo ni gramu 400. Tuseme tena sehemu moja tu ya kumi ya hizo ndiyo sukari: gramu 40. Gramu 40 kwa kilo 50 za saruji ni asilimia 0.08, nasi tumeona asilimia 0.05 inafanya nini. Nimechukua namba za mfano tu, na wala si za mti mbaya sana.

Halafu kuna wimbi la pili, ambalo watu hulisahau. Maji ya saruji ni makali, na ukali ule unaishambulia hemiselulosi yenyewe, unaikatakata na kutoa sukari na asidi za jamii ya sukari ambazo mwanzoni hazikuwepo. Ndiyo maana mbao uliyoiosha vizuri kwa maji bado inaweza kukusumbua. Ulichoosha ni kilichokuwa tayari kimelegea. Kingine kinatengenezwa palepale, kwenye mpaka wa mbao na saruji, mahali ambapo ndipo unapohitaji mshiko. Unaweza kuona joto limepanda vizuri, ukafurahi, halafu ukivunja bodi unakuta kila kipande cha mbao kimezungukwa na ganda laini la saruji ambayo haikukomaa.

Miti haifanani. Kwa jumla, jamii ya misonobari huelewana na saruji kuliko miti ya majani mapana, lakini msiifanye kanuni ya msahafu. Mti unaoitwa larch ni wa jamii hiyohiyo ya misonobari na ni mkorofi kweli, kwa sababu una sukari ya aina ya arabinogalaktani inayoyeyuka kwa urahisi. Popla ni wa majani mapana, na hutumika kwa mafanikio. Mwaloni unaleta tanini zake. Ndani ya mti mmoja kiini hutofautiana na mbao ya nje, na magome huwa mabaya kuliko vyote viwili. Msimu wa kukata nao una neno, kwa kuwa sukari ndani ya mti haikai kiasi kilekile mwaka mzima.

Kuna fundi aliniambia kwamba maranda yaliyokaa muda mrefu nje ndiyo mazuri. Yuko sahihi nusu. Kuhifadhi mbao kwa miezi kadhaa kunapunguza sukari huru, hilo ni kweli. Lakini mbao iliyooza ni jambo lingine. Kuvu wanaoozesha mbao hukata minyororo mirefu kuwa mifupi inayoyeyuka, na mbao ya namna hiyo huzuia saruji kuliko ilipokuwa nzima. Mbao iliyokaa na mbao iliyooza zinaweza kulala kwenye lundo moja.

Kabla sijaingia kwenye dawa, nizungumze na wajenzi wa kawaida, maana najua baadhi yenu mnajiuliza bodi zinawahusu nini. Mbao zenu za boksi la zege zinafanya jambo hilihili. Chukua ubao mpya uliopigwa na jua kwa muda mrefu, uuweke kwenye boksi la ukuta pamoja na mbao nyingine zilizokwisha kutumika. Ukifungua, utaona ukuta mgumu, halafu katikati utepe wenye upana wa ubao ule, rangi yake tofauti, ukiukwaruza kwa msumari unatoa vumbi. Mara nyingi ubovu wake ni wa juujuu, lakini plasta haitashika vizuri hapo. Jua limesaidia kufungua sukari ya uso wa ubao, na zege lililougusa limecheleweshwa hadi maji yake yakakauka. Tiba ni rahisi: paka ubao mpya uji wa saruji, uache ukauke, uusugue, ndipo upake mafuta ya boksi. Baada ya kutumika mara kadhaa ubao unatulia wenyewe.

Sasa, utajuaje mbao yako ni ya aina gani? Kuna kipimo ninachokipenda kwa sababu hakihitaji maabara kubwa. Chukua gramu 200 za saruji, gramu 15 za mbao kavu iliyosagwa, na mililita 90.5 za maji. Maji hayo si namba ya kichawi: ni mililita 0.25 kwa kila gramu ya saruji na 2.7 kwa kila gramu ya mbao, kwa kuwa mbao kavu inakunywa. Koroga, tia kwenye mfuko, zamisha ncha ya kipimajoto cha waya katikati, funga ndani ya chupa ya kuhifadhi joto, kisha andika joto kila baada ya muda kwa saa 24. Pembeni weka chupa nyingine ya aina ileile yenye saruji na maji bila mbao.

Ukichora mistari yote miwili utaona mambo matatu: kilele kiko juu kiasi gani, kimefika saa ngapi, na eneo lililo chini ya mstari ni kubwa kiasi gani. Mwaka 1964 watafiti Sandermann na Kohler walipendekeza kugawa mbao kwa joto la kilele: zaidi ya nyuzi 60 inafaa, kati ya 50 na 60 ni ya mashaka, chini ya 50 haifai. Mwaka huohuo watafiti wengine, Weatherwax na Tarkow, walitumia muda: saruji peke yake ikifika kilele kwa saa 8, na yenye mbao kwa saa 14, ucheleweshaji ni asilimia 75. Mimi nasimama na wa muda, na hasa na kulinganisha chupa mbili zilizo sawa. Nyuzi 60 kwenye chupa nzuri si nyuzi 60 kwenye chupa inayovuja joto. Na kilele kisipotokea kabisa ndani ya saa 24, hapo hakuna cha kujadili, mbao hiyo haiingii kwenye saruji bila kutibiwa.

Kutibu kuko kwa namna mbili: kuisafisha mbao, au kuisukuma saruji.

Kuisafisha ndiko ninakokutanguliza. Kuloweka kwenye maji baridi kwa siku moja kunatoa sukari huru na sehemu ya tanini. Maji ya moto hutoa zaidi na kwa haraka. Soda kali ya asilimia 1 huingia ndani zaidi, kwa kuwa inaifanyia hemiselulosi dhaifu kazi ile ambayo saruji ingeifanya baadaye, na matokeo yanamwagwa nje badala ya kubaki ndani ya bodi. Tatizo ni maji machafu yanayobaki. Ni meusi, yana ukali, na huwezi kuyamwaga popote ukamwachia jirani. Anayepiga hesabu ya gharama ya kuosha bila kuhesabu maji yale hajamaliza hesabu.

Kuisukuma saruji ndiko watu wengi hukimbilia, na kiongezeo kinachoongoza ni kloridi ya kalsiamu, kwa asilimia 2 hadi 4 ya uzito wa saruji kwenye bodi. Inaharakisha silikati, joto linapanda mapema, kilele kinasogea kushoto kwenye mchoro wako. Lakini angalieni inachofanya na isichofanya. Haiondoi sukari. Inashindana nayo. Kwa mbao ya mashaka inashinda, kwa mbao mbaya kweli inashindwa, na kuongeza dozi hakusaidii ipasavyo. Tena kloridi inaozesha chuma. Ndani ya zege lenye nondo ilishawekewa mipaka mikali, na hata kwenye bodi ujiulize skrubu na misumari itakaa miaka mingapi. Kwa wanaotaka kuikwepa zipo naitreti na fometi za kalsiamu. Nguvu yake ni ndogo kidogo, lakini hazili nondo.

Salfeti ya alumini na silikati ya sodiamu zina njia nyingine. Hizi mara nyingi hutiwa kwenye mbao yenyewe kabla ya saruji kufika. Silikati ya sodiamu ikikutana na kalsiamu hutengeneza ngozi ngumu juu ya kipande cha mbao, na ngozi hiyo inazuia yaliyo ndani yasitoke haraka. Mimi naiona kuwa akili zaidi kuliko kumwaga kiharakishi ndani ya pipa zima, maana tatizo liko kwenye uso wa mbao na dawa inawekwa hapohapo.

Njia ya hewa ya ukaa nayo inafaa kutajwa. Ukiipitisha ndani ya bodi iliyobanwa, chokaa hugeuka kabonati ya kalsiamu kwa dakika chache tu, na bodi inapata nguvu ya kushikika kabla sukari haijamaliza kazi yake. Kwa kiwanda hilo ni kubwa, kwa sababu bodi za kawaida hukaa zimebanwa saa 8 hadi 24, na kila saa ya vibanio ni gharama. Na wapo waliobadilisha saruji badala ya mbao. Mfaransa Stanislas Sorel alitangaza saruji ya magnesia mwaka 1867, ikaja kutumika kwa sakafu za unga wa mbao, na mwaka 1908 Robert Scherer wa Austria akapata hataza ya bodi za nyuzi za mbao zilizofungwa kwa magnesia. Magnesia haisumbuliwi sana na sukari ya mti.

Nimalizie upande wa viongezeo kwa jambo linalonichekesha. Viwanda vya karatasi vinavyotumia njia ya salfaiti huyeyusha lignini ili kubaki na nyuzi. Mabaki yake, lignosalfonati, yameuzwa kama kiongezeo cha zege tangu miaka ya 1930: hutawanya chembe za saruji, zege linalainika, na maji yanapungua kwa asilimia 5 hadi 10. Pia huchelewesha kushika, kwa sehemu kwa sababu ya sukari ya mbao iliyobaki humo. Kile ambacho mtengeneza bodi anakikimbia, mjenzi wa ghorofa ananunua kwa jerikeni! Kwa hiyo ukiwa unatengeneza bodi, soma lebo ya kilainishi chako. Kikiwa cha lignosalfonati, umeongeza mti juu ya mti. Na kumbuka kwamba kicheleweshaji kinachoingia dakika chache baada ya maji huchelewesha zaidi kuliko kile kile kikitiwa pamoja na maji, kwa kuwa aluminati imeshachukua jasi na haikinasi tena kwa wingi. Sukari ya mbao hutoka polepole, dakika baada ya dakika. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya ukorofi wake kuonekana mkubwa kuliko kiasi chake.

Baada ya hapo yaliulizwa maswali, na moja nimeona niliandike hapa pamoja na jibu. Fundi mmoja aliuliza: "Mwalimu, mimi tayari nimemwaga, ni siku ya pili, kidole kinazama. Nivunje?"

Usivunje bado, kaka. Kwanza funika kwa nailoni ili unyevu usitoke, kwa sababu saruji iliyocheleweshwa ikipoteza maji kabla ya kuamka haitaamka tena, na hapo ndipo kuchelewa kunageuka kuwa ubovu. Pili, ikiwa ni mahali pa baridi, ipatie joto, maana baridi na sukari zinasaidiana. Tatu, usimwage saruji kavu juu wala maji zaidi. Kila asubuhi bonyeza kwa msumari uleule mahali palepale, na uandike umezama kiasi gani. Kina kikipungua siku hadi siku, saruji imeanza kazi, iache, lakini usiipe mzigo mpaka uipime nguvu. Wiki ikipita kina ni kilekile, vunja, na kabla hujakoroga tena chukua gramu 15 za mbao ile uiweke kwenye chupa.